Bei imepanda, umepata hasara: mwongozo kamili wa kupunguza gharama kwenye hisa zinazoyumba

Umenunua hisa 2,000 kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) kwa shilingi 500 kila moja. Jumla shilingi milioni 1. Wiki mbili baadaye bei imefika 520, unafurahi, unauza zote. Bei imepanda asilimia 4. Mfukoni je? Umetoka na hasara ya shilingi 8,000 na ushee.

Hesabu hiyo ni sahihi na nitaifungua hapa chini mstari kwa mstari. Naianza hivi kwa sababu watu wengi wanaoingia DSE siku hizi kwa simu wanaangalia rangi ya kijani tu. Mtu anayenunua hisa na kukaa nazo miaka kumi analipa gharama mara mbili: siku ya kuingia na siku ya kutoka. Lakini hisa ambayo leo iko juu asilimia 8 na kesho imerudi chini asilimia 6 inamvuta mtu aingie, atoke, aingie tena, na kila mlango una ushuru wake. Ushuru mkubwa kuliko wote hauandikwi kwenye karatasi yoyote, na huo ndio nitakaokaa nao muda mrefu zaidi.

Hatua ya kwanza: isome hati yako ya muamala

Baada ya oda yako kutimia, dalali anakutumia hati, mara nyingi PDF kwenye barua pepe. Wengi wanaangalia idadi ya hisa, wanafunga. Ifungue leo, chukua kalamu, andika kila kiasi kilichokatwa kama asilimia ya thamani ya muamala. Kwa viwango vinavyojulikana vya DSE, utakuta hivi kwa muamala wa milioni 1:

Kamisheni ya dalali, asilimia 1.7: shilingi 17,000.
VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 juu ya kamisheni hiyo: 3,060.
Ada ya soko lenyewe, asilimia 0.14: 1,400.
Ada ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, asilimia 0.14: 1,400.
Ada ya CSDR, wanaotunza kumbukumbu za hisa zako, asilimia 0.06: 600.
Mfuko wa kuwalinda wawekezaji, asilimia 0.02: 200.

Jumla 23,660, yaani kama asilimia 2.37. Hati yako ikionyesha tofauti kidogo, kwa mfano VAT imewekwa na kwenye ada nyingine, tumia namba za hati yako; hizo ndizo zinazokuhusu.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, makato haya yanatozwa kwenye thamani ya muamala, siyo kwenye faida. Ukiuza kwa hasara unalipa vilevile. Pili, kipande kikubwa ni kamisheni na VAT yake, shilingi 20,060 kati ya 23,660. Muulize dalali wako kama ana nafuu yoyote kwa mteja wa mara kwa mara, na kama ana kima cha chini kwa oda ndogo. Kuuliza si ujinga. Ila usitegemee muujiza hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya akiba iko kwingine.

Hatua ya pili: ijue bei ya kujirudishia gharama kabla hujanunua

Kununua kumekugharimu asilimia 2.37 na kuuza kutakugharimu asilimia 2.37 nyingine. Ukipiga hesabu sawasawa, bei inabidi ipande asilimia 4.85 ndipo uwe hujapata wala hujapoteza. Kwa hiyo zidisha bei ya kununua kwa 1.0485. Hisa ya 500 inakuwa 524.25, kivitendo unahitaji 525.

Sasa rudi kwenye ule mfano. Ulitoa 1,023,660 kununua. Ulipouza kwa 520 ulipata 1,040,000, wakakata 24,606, ukabaki na 1,015,394. Hasara 8,266.

Iandike ile namba 1.0485 kwenye karatasi na uibandike karibu na unapofanyia biashara. Kabla ya kila oda jiulize: je, naamini kweli hisa hii itapita hapo, au nafuata tu watu wa kwenye grupu la WhatsApp? Mtu anayetafuta faida ya asilimia 3 au 4 kwa kuingia na kutoka DSE hana biashara hata kama anabashiri vizuri, maana anachokipata kinaishia kwenye ada. Na mtu anayezungusha milioni 1 hiyohiyo mara kumi kwa mwaka analipa kama shilingi 473,000 kwa ada peke yake. Karibu nusu ya mtaji.

Hatua ya tatu: pima pengo la bei

Hapa ndipo penye ushuru usioandikwa. Kila wakati soko likiwa wazi kuna bei mbili: bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa, na bei ya chini kabisa ambayo muuzaji yuko tayari kupokea. Katikati yake kuna pengo. Kwa hisa za benki za CRDB au NMB, ambazo zina wanunuzi na wauzaji wengi karibu kila siku, pengo mara nyingi huwa dogo. Kwa hisa za kampuni ndogo zinazouzwa kwa kusuasua, na ndizo hizo zinazoruka sana, pengo linaweza kukumeza.

Tuseme wanunuzi wako 480 na wauzaji wako 520. Ukinunua kwa 520 na dakika hiyohiyo ukabadili mawazo, utauza kwa 480. Umepoteza shilingi 40 kwa hisa, karibu asilimia 8, kabla ya ada yoyote. Ongeza ada za kuingia na kutoka, unakaribia asilimia 12 na ushee. Hakuna atakayekuonyesha hasara hiyo kwenye hati. Programu ya simu itakuonyesha bei ya mwisho iliyouzwa, labda 510, na wewe utaamini kwamba hisa yako ina thamani ya 510. Haina. Ina thamani ya kile ambacho mnunuzi aliyepo sasa yuko tayari kukupa.

Kupima ni rahisi. Chukua bei ya muuzaji, toa bei ya mnunuzi, gawa kwa bei ya katikati. Mimi nimejiwekea mpaka: pengo likizidi asilimia 3 siinunui kwa bei ya muuzaji kwa namna yoyote. Naweka bei yangu na kusubiri, au naachana nayo.

Usiishie kwenye bei, angalia na kina, yaani ni hisa ngapi zinasubiri kununuliwa na kuuzwa. Taarifa ya soko ya kila siku ya DSE, ile ambayo madalali wengi huisambaza jioni, ina safu za oda za kununua na za kuuza ambazo hazijatimia. Ukiona hisa ina maombi ya kununua laki 4 na ya kuuza elfu 2, ujue bei inayoonekana ni ya hao wauzaji wachache tu; ukihitaji hisa elfu 10 utapanda ngazi.

Ngazi yenyewe naijua kwa mwili. Kuna benki ndogo ambayo hisa yake ilikuwa imepanda siku nne mfululizo. Nilihofia kuachwa. Nikampigia dalali, nikamwambia, "Nichukulie elfu tano, bei yoyote." Yeye alifanya nilichomwagiza. Bei niliyokuwa naiona ilikuwa 520, lakini kwa 520 palikuwa na hisa 800 tu. Zilizofuata 1,200 zilikuwa kwa 535. Zilizobaki 3,000 ziliuzwa kwa 560. Jumla 2,738,000, wastani wa 547.60 kwa hisa. Maneno mawili, "bei yoyote", yalinigharimu shilingi 138,000 zaidi ya bei niliyoiona. Ada za muamala ule wote zilikuwa kama 64,800. Yaani haraka yangu ilikula zaidi ya mara mbili ya dalali, VAT, soko na mamlaka kwa pamoja. Siku chache baadaye mnunuzi wa juu alikuwa 505, na wale walioniuzia kwa 560 walikuwa wameshaenda zao.

Hatua ya nne: weka bei ya kikomo kila mara

Baada ya siku ile sijaweka tena oda bila bei. Oda yenye kikomo inasema: nunua, ila usizidi bei hii, au uza, ila usishuke chini ya hii. Kwenye programu ya simu chagua aina hiyo na ujaze bei mwenyewe. Ukiongea na dalali kwa simu, sema bei kwa sauti na mwombe airudie. Kisha mtumie ujumbe mfupi: jina la hisa, idadi, bei ya mwisho, na oda inaisha lini.

Kikomo chako ukiweke wapi? Kama pengo ni 480 na 520, anayeanza huwa anaweka 520 ili apate haraka. Jaribu 490 au 495. Unakuwa mnunuzi wa kwanza kwenye foleni, na muuzaji mwenye shida ya fedha siku hiyo atakujia wewe. Kwenye hisa zinazoyumba hii inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani, maana bei inayoruka juu hurudi chini kuvuta pumzi. Usipopata siku hiyo, pandisha kidogo kesho. Ukipata hisa 2,000 kwa 495 badala ya 520, umeokoa 50,000. Kamisheni ya ununuzi huo na VAT yake haifiki 20,000.

Kuna gharama upande wa pili, nisiifiche: unaweza usipate kabisa na bei ikaondoka. Hilo hutokea. Lakini ile bei ya kujirudishia gharama inakusaidia hapa. Kama kupata hisa kwa 520 kunamaanisha unahitaji bei ifike 546 ili tu usipoteze, na huamini kwamba itafika, basi kuikosa si hasara.

Kuna mtego kwenye oda inayokaa. Ukichagua oda inayobaki sokoni mpaka uifute, na hisa ni ya kuruka, habari mbaya inaweza kukukuta umelala. Wauzaji watakimbilia oda yako kwanza. Benki zetu hutoa hesabu za robo mwaka ndani ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mwishoni mwa Januari, Aprili, Julai na Oktoba huwa nafuta oda zangu zote za hisa za benki, nasoma hesabu, kisha naweka upya. Kuweka upya hakuna ada.

Hatua ya tano: gawanya, lakini ujue lini kugawanya kunakuumiza

Kwa kuwa kamisheni ni asilimia, kununua hisa 5,000 mara moja au mara tano kwa hisa elfu moja kunakata kiasi kilekile, alimradi dalali wako hana kima cha chini kwa oda ndogo na hulipii kila uhamisho wa fedha. Kwa hiyo mwekezaji mdogo hana sababu ya kupanda ile ngazi. Nunua kidogo leo, kidogo kesho, muuzaji wa 560 hatajua kama upo.

Kipande kiwe kikubwa kiasi gani? Kanuni yangu ni kutozidi moja ya kumi ya hisa zinazouzwa kwa siku ya kawaida. Sisitiza hilo neno kawaida. Ukichukua wastani wa siku kumi kwenye taarifa za soko utadanganyika, kwa sababu siku moja wakubwa wawili wanaweza kupeana hisa milioni kwa makubaliano na kuuvimbisha wastani wote. Panga siku kumi kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Tazama na idadi ya miamala: hisa 300,000 kwa muamala mmoja si sawa na hisa 30,000 kwa miamala 60. Hiyo ya pili ndiyo yenye ukwasi, yaani unaweza kuinunua na kuiuza kwa urahisi.

Hali inabadilika ukiwa na fedha nyingi. Kamisheni ya DSE inashuka kwa ngazi: asilimia 1.7 kwa milioni 10 za kwanza, asilimia 1.5 kwa milioni 40 zinazofuata, asilimia 0.8 kwa kinachozidi milioni 50. Muamala wa milioni 60 unakatwa 170,000, kisha 600,000, kisha 80,000, jumla 850,000. Ukiukata vipande sita vya milioni 10, kila kimoja 170,000, unalipa 1,020,000. Tofauti na VAT yake ni 200,600. Kwa hiyo muulize dalali mapema: oda moja kubwa ikitimia kwa vipande ndani ya siku moja, inahesabiwa kama muamala mmoja? Na ikiendelea kesho? Pata jibu kwa maandishi. Kisha linganisha hizo 200,600 na kile ambacho ngazi ya bei itakula. Kwa hisa zinazouzwa kwa kusuasua, ngazi hula zaidi na kugawanya kunashinda. Kwa CRDB au NMB, mara nyingi unashinda ukienda kwa mkupuo.

Hatua ya sita: usigombanie hisa iliyogonga kikomo cha siku

Masoko yetu yana ukomo wa bei kupanda au kushuka kwa siku. Nairobi ukomo wa kawaida ni asilimia 10, na wasomaji wa Kenya wanakumbuka Kenya Airways ilivyorudi sokoni Januari 2025 baada ya kusimamishwa tangu Julai 2020. Hisa ikigonga dari, wanunuzi wanapanga foleni na wauzaji hakuna. Kujiunga na foleni hiyo ni kukubali kwamba utapata hisa siku ile tu ambayo wenye nazo wameamua kuziuza, yaani siku ambayo huenda hupaswi kuzitaka. Ikigonga sakafu ni hivyo hivyo kinyume: unataka kutoka na hakuna mlango. Hesabu ya gharama haina mstari wa "nimeshindwa kuuza siku tano", lakini ipo. Kwa hisa za namna hii punguza kiasi chenyewe unachoweka.

Nairobi pia wameruhusu kununua na kuuza hisa hiyohiyo ndani ya siku moja tangu Novemba 2021. Kabla ya kufurahia, kumbuka kwamba gharama za kule za kununua tu, au za kuuza tu, zinakaribia asilimia 2. Ukomo wa siku ni 10. Toa mwenyewe ubakie na nafasi iliyopo.

Gharama ndogondogo, na gawio

Kila ukihamisha fedha kwa simu kwenda kwa dalali kuna makato. Mtu anayetuma elfu 50 mara ishirini analipa zaidi ya anayetuma milioni mara moja. Kusanya kwanza, utume mara chache. Fedha inayosubiri bei ishuke isilale bure kwa dalali. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hautozi ada ya kuingia wala ya kutoka, na mimi huiegesha huko wakati oda zangu zinasubiri. Ila hesabu siku zinazohitajika kuitoa, usije ukakosa bei uliyoisubiri mwezi mzima.

Kuhusu gawio, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wanahisa: kuna watu wananunua hisa wiki moja kabla ya daftari la wanahisa kufungwa, wanachukua gawio, wanauza. Chukua hisa ya 500 yenye gawio la shilingi 25. Kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE ni asilimia 5, unabaki na 23.75. Ada za kununua na kuuza kwa 500 ni 23.66. Umebaki na senti tisa kwa hisa, na kwa kawaida bei hushuka baada ya daftari kufungwa. Kama unaitaka kampuni kwa miaka, gawio ni lako na ni halali yako. Kama unakimbilia gawio peke yake, unawafanyia kazi wengine.

Hatua ya saba: kutoka

Watu hupanga kuingia, hawapangi kutoka, na ndiyo maana huuza kwa papara. Siku unayonunua, andika bei mbili: utakayouza ukipata, na utakayouza ukikosea. Oda ya faida unaweza kuiweka mapema na kuiacha ikae kwenye foleni ya wauzaji, ili siku bei ikiruka wanunuzi wenye haraka wakujie wewe. Siku hiyo pengo linakuwa upande wako. Uza kwa mafungu: theluthi kwenye bei ya kwanza, theluthi juu yake, theluthi ya mwisho uiangalie.

Ukikosea, usisubiri bei irudi mahali pa kujirudishia gharama kwa sababu tu ya zile ada. Ada ya kununua imeshakwenda. Swali la leo ni kama ungeinunua hisa hii leo kwa bei hii.

Daftari

Fungua ukurasa wenye safu nne: bei uliyoiona ulipoamua, bei ya wastani uliyopata, tofauti ya hizo mbili ikizidishwa kwa idadi ya hisa, na jumla ya ada kwenye hati. Mstari mmoja kwa kila muamala, ujazwe siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijaanza kukupendelea. Ikifika miamala kumi, jumlisha safu ya tatu na ya nne kila moja peke yake. Safu ya tatu ikiwa kubwa kuliko ya nne, usibadilishe dalali bado. Rudi kwenye pengo la bei na ule mpaka wa asilimia 3, uone ni mara ngapi uliuvuka na ulikuwa unakimbilia nini.